Kifurushi Kikubwa si Nafuu: Hila za Bei katika Maduka ya Michezo ya Mtandaoni

Katika maduka mengi ya michezo ya mtandaoni, bei huandikwa kwa sarafu ya mchezo wenyewe: almasi katika Free Fire, UC katika PUBG Mobile, V-Bucks katika Fortnite. Mnunuzi hutoa shilingi, hupewa sarafu hiyo, ndipo hununua vazi au silaha. Hila nyingi za bei hujengwa kwenye hatua hiyo ya katikati. Ndiyo maana swali linaloulizwa kila kukicha, "Kifurushi kipi cha almasi ni nafuu?", halina faida kwa anayeuliza. Humwingiza katika hesabu ambayo muuzaji amekwisha kuipanga. La kuuliza ni moja tu: hicho kinachotakiwa kitatoa shilingi ngapi mfukoni?

Imani kwamba kifurushi kikubwa ndicho nafuu imetoka sokoni, ambako jumla huwa rahisi kuliko rejareja. Kwa sukari ni kweli, kwa sababu inayobaki hutumika kesho, na jirani akiishiwa huuziwa. Sarafu ya mchezo kwa kawaida haibadilishwi tena kuwa shilingi, na hutumika katika duka moja pekee, ambalo bei zake hupangwa na huyohuyo aliyeiuza.

Hesabu ya mfano inatosha kuivunja imani hiyo. Chukulia duka lenye vifurushi vitatu: almasi 500 kwa shilingi 600, almasi 1,100 kwa shilingi 1,200, na almasi 2,400 kwa shilingi 2,400. Vazi linalotakiwa ni almasi 1,500. Anayefuata "unafuu" hununua kifurushi kikubwa, maana kila almasi humgharimu shilingi moja badala ya shilingi 1.20. Anayenunua vifurushi vidogo vitatu hulipa shilingi 1,800, hupata vazi lilelile na habaki na kitu. Wa kwanza amelipa shilingi 600 zaidi, na amebakiwa na almasi 900 asizozihitaji.

Mtego uko kwenye hizo 900. Hazitoshi vazi la pili, na hata zikiongezwa kifurushi kidogo hufika 1,400 tu. Hununuliwa basi kifurushi cha kati, kwa shilingi 1,200. Sasa mavazi mawili yamegharimu shilingi 3,600, sawasawa na vifurushi vidogo sita. Unafuu wote umegeuka almasi 500 zilizokwama kwenye akaunti, zikingoja kuongezewa nyingine. Mwenye kupanga ukubwa wa vifurushi na bei za mavazi ni mmoja, na masalio ya namna hii humrudisha mnunuzi dukani. Kuendelea kusifu kifurushi kikubwa baada ya kuiona hesabu hii ni kumfanyia muuzaji kazi bila malipo.

Wadhibiti wameliona jambo hili. Machi 2025, mtandao wa mamlaka za kulinda walaji za Umoja wa Ulaya ulitoa kanuni zinazotaka bei ionyeshwe pia kwa pesa halisi, na mnunuzi asilazimishwe kununua sarafu asizozihitaji. Januari mwaka huohuo, Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) ilitangaza makubaliano ya dola milioni 20 na kampuni inayosambaza Genshin Impact. Katika mchezo huo pesa hugeuzwa Genesis Crystals, kisha Primogems, na Primogems 160 hununua nafasi moja ya kubahatisha mhusika. Akifika hapo, mchezaji ameshapoteza hesabu ya pesa zake.

Hila nyingine ni nyepesi kuzieleza. Saa inayohesabu kurudi nyuma hutia haraka: Mei 2024, mamlaka ya walaji ya Uholanzi iliitoza Epic Games, kampuni ya Fortnite, faini ya euro milioni 1.125, na mojawapo ya makosa ni kwamba baadhi ya bidhaa za mchezo huo ziliendelea kuuzwa baada ya saa kuisha. Vitufe navyo hupangwa vibaya: katika shauri la FTC lililotangazwa Desemba 2022, Epic ilikubali kurejesha dola milioni 245, baada ya wachezaji kutozwa kwa kubofya kitufe kimoja, hata walipokuwa wakiuamsha tu mchezo uliolala. Bidhaa za bahati nasibu huficha uwezekano wa kupata kinachotakiwa: Januari 2024, Korea Kusini iliitoza kampuni ya Nexon faini ya takriban won bilioni 11.6 kwa kupunguza uwezekano huo katika mchezo wa MapleStory bila kuwaambia wachezaji.

Kinga ni chache na za haraka. Bei ya kitu igeuzwe shilingi kabla ya kulipa, pamoja na sarafu zitakazobaki. Kilichowekewa saa kiachwe hadi kesho. Bei iliyokatwa kwa mstari isiaminiwe bila kujua iliuzwa lini kwa bei hiyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, hutaka punguzo lipimwe kwa bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Simu ya mtoto iwekewe nywila kwa kila ununuzi, na kadi ya benki isihifadhiwe humo. Aliyekosea aombe marejesho upesi: Google Play ndani ya saa 48, na kwa mchezo ulionunuliwa Steam, ndani ya siku 14 ikiwa umechezwa chini ya saa mbili.