Kiwanda Kisiachwe Nje ya Ramani

Ukipita katika mitaa ya Mombasa iliyosongamana utaona majumba mapya ya ghorofa, kila chumba na dirisha lake pana la kioo. Utadhani waliomo wanaogelea katika mwanga. Lakini tazama vyema, msomaji: mapazia yamefungwa tangu alfajiri, kwani dirisha la huyu latazamana na la yule, na taa zinawaka saa saba za mchana. Mtu amelipia kioo ili apate mwanga, kisha akalipia kitambaa ili auzuie.

Mafundi wa Lamu walilitatua jambo hili zamani. Huko vichochoro ni vyembamba na nyumba zimeegemeana, na ukuta wa upande wa njia una madirisha machache, tena madogo. Mwanga huletwa kutoka juu, kwa kupitia kiwanda. Sisemi kiwanda cha mashine, nasema ule ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu.

Mgeni hupiga hodi dakani, penye baraza za mawe. Akiitikiwa, huingia tekani, na hapo ndipo penye hekima: njia ya kwenda kiwandani hupinda, hata mlango ukiachwa wazi mpita njia haoni ila ukuta. Amri ya kubisha na kutoa salamu, iliyomo katika Surat An-Nur, imejengewa mawe na chokaa.

Baada ya kiwanda ni msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, kila mmoja umeinuka kidogo kuliko uliotangulia. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana kiasi cha futi 9, kwa sababu ya urefu wa boriti za mikoko. Wembamba huo una faida yake, maana mwanga hauna mwendo mrefu, na chokaa nyeupe huusukuma mpaka kwenye zidaka.

UNESCO iliutia mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2001. Vyema, lakini nyumba si ya kutazamwa na watalii tu.

Leo ndugu wakigawana kiwanja cha urithi, fundi hufuta kiwanda kwanza: "Hapa patatoka chumba kingine." Chumba chatoka, kweli, na vitatu vingine vyaingia giza. Mama hana pa kuanika nguo wala pa kukaa pasi na buibui, na watoto huchezea barabarani. Heri vyumba vinne na kiwanda kuliko vitano vya kuwashia taa mchana.

Utaniuliza, je, jirani wa ghorofa ya sita si atachungulia? Atachungulia. Basi jenga msana wenye paa kandokando, na katikati tandaza fito za mbao zilizoachana, zipitishe jua na kukinga jicho. Na mtaro wa maji uchimbwe kabla ya sakafu, kwani masika yote yatamiminikia hapo.