Mzee Asikizwe Mwenyewe

Mara hii tunaongea juu ya wazee wetu, mashamba yao na sheria.

Zamani shamba kavu la Kitui au Makueni halikuwa na wanunuzi wengi. Siku hizi mambo yamegeuka. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 inapita Emali na Kibwezi. Bwawa la Thwake lilianza kujengwa mwaka 2018, na habari za fidia zikaingia vijijini. Pesa zikikaribia, karatasi nazo hufuata, na mzee anaambiwa, "Weka kidole hapa."

Chukua mfano huu. Mzee wa miaka 78, macho yamefifia, analetwa mjini kwa wakili na kijana wake. Kijana ndiye aliyelipa nauli, na ndiye anayejibu kila swali. "Baba anataka kunipa shamba," anasema. Mzee amenyamaza. Mama yuko nyumbani, hajui lolote.

Je, mteja wa wakili ni nani? Ni mzee, hata kama kijana ndiye anayelipa. Kwa hivyo yeyote anayemsaidia mzee, awe wakili, chifu au mtu wa kanisa, afanye hivi:

- Amsikize mzee peke yake, watoto wakingoja nje.
- Aongee naye Kikamba, pole pole, na amsomee karatasi yote.
- Amwombe mzee aeleze kwa maneno yake karatasi inasema nini.
- Amuulize: ukishatoa shamba, wewe na mama mtalala wapi, na mtalima wapi?

Akishindwa kujibu, hakuna haraka, arudi siku nyingine. Kusikia kwa shida au kusahau jina la mjukuu si kukosa akili.

Sheria inasema nini?

Katiba ya 2010, ibara ya 57, inataka wazee waishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na watunzwe na familia na Serikali. Mzee ni aliyefika miaka 60.

Shamba la kilimo lililo chini ya landi bodi haliuzwi wala kupeanwa bila kibali chake. Bila kibali, mapatano hayo ni bure. Tena, tangu sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, mume hawezi kuuza au kupeana mali ya ndoa bila mke kukubali, na mke vile vile.

Wosia na kuhamisha shamba ni vitu viwili. Hapa ndipo wazee wengi wanaweza kunaswa. Ukiandika wosia, shamba linabaki lako mpaka ufe, na unaweza kuubadilisha wakati wowote ukiwa na akili timamu. Ukiweka kidole kwa karatasi ya kuhamisha, na ikasajiliwa, shamba limetoka mkononi mwako ungali hai. Kwa hivyo uliza kwanza: "Hii ni karatasi gani?"

Wosia wa kuandikwa unahitaji mashahidi wawili au zaidi, na ni vizuri wasiwe watu watakaorithi. Wosia wa mdomo pia unakubaliwa mbele ya mashahidi wawili, lakini kwa kawaida unafaa tu kama mwenyewe atafariki ndani ya miezi mitatu. Na usimsahau mke katika wosia, kwa maana korti inaweza kuagiza apewe sehemu.

Kama mzee amekwisha kudanganywa, msikae mkilalamika nyumbani. Aende upesi kwa msajili wa ardhi na kuomba kizuizi kiwekwe, ili shamba lisiuzwe tena kabla ya kusikizwa. Korti ya Mazingira na Ardhi iko Kitui na pia Makueni. Asiye na pesa za wakili anaweza kuomba msaada chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2016.

Hatusemi kwamba watoto wote ni wabaya. Wengi wanawatunza wazazi wao vizuri sana. Lakini mtoto mwema hataogopa baba yake asikizwe peke yake.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi chenu:

1. Katika kijiji chetu, ni nani huongea kwa niaba ya wazee? Je, wazee wenyewe wamekubali?
2. Ni mzee gani jirani anayehitaji kusomewa karatasi zake wiki hii, na nani ataenda?