Ndege Moja, Majina Mengi: Alama na Majina ya Ndege kutoka Ufuoni Kisumu hadi Vita vya Burma

Utangulizi

Katika mijadala yetu kuhusu istilahi, mara nyingi tumeuliza jina zuri la kitu kigeni ni lipi. Ni nadra kuuliza jina hilo linahitajiwa na nani, na kwa kazi gani. Makala haya yananuia kulijibu swali hilo la pili kwa kutumia mfano wa ndege. Tutaanza na zile zilizotua Kisumu katika miaka ya 1930, kisha tutazitazama ndege za kijeshi za Japani ambazo askari wetu walikabiliana na jeshi lake kule Burma. Hoja yetu ni kwamba ndege moja huwa na majina kadhaa kwa wakati mmoja, na kila jina humfichua aliyelitoa.

Alama ya serikali na jina la kampuni

Tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Kiingereza ya Imperial Airways ilianzisha safari za ndege kutoka London hadi Mwanza. Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vya njia hiyo. Sehemu ya kutoka Khartoum kuja ziwani ilihudumiwa na ndege za majini za aina ya Short Calcutta, yaani ndege zilizoruka na kutua juu ya maji kama bata. Tangu mwaka 1937, ndege kubwa zaidi za majini zilianza kusafiri kutoka Southampton hadi Durban, nazo pia zikatua Kisumu kabla ya kuelekea Mombasa na Dar es Salaam.

Kila ndege kati ya hizo ilikuwa na majina yasiyopungua matatu. La kwanza lilikuwa la kiwanda. Kiwanda cha Short kule Rochester kiliipa michoro yake nambari, na ndege hizi za 1937 zilikuwa S.23. Jina hilo lilimfaa fundi, kwa kuwa lilimweleza ni vipuri gani vinavyolingana na ndege ipi. La pili lilikuwa alama ya usajili wa serikali, kwa mfano G-ADHL. Herufi G iliitambulisha Uingereza, na herufi nne zilizofuata ziliitambulisha ndege hiyo peke yake. La tatu lilikuwa jina la kampuni, lililochorwa ubavuni ili abiria alisome. G-ADHL iliitwa Canopus, nyingine zikaitwa Castor, Cambria, Caledonia na Corsair. Msomaji atagundua kwamba yote yanaanza kwa herufi C. Hiyo haikuwa sadfa, maana C ndiyo iliyokuwa alama ya kundi zima. Kundi jingine lililofuata lilikuwa la G, na humo tunaipata Golden Hind.

Jina la ndege laweza hata kuhamia ardhini. Mnamo Machi 1939, Corsair iliondoka Port Bell, Uganda, ikapotea njia na kutua kwa dharura katika mto Dungu, karibu na Faradje nchini Kongo. Mafundi na vibarua walihangaika kwa miezi mingi, hata wakauzuia mto kwa boma ili maji yapande, na ndege ikaruka tena Januari 1940. Mahali pale pakaja kujulikana kwa jina Corsairville.

Alama za usajili nazo zilibeba historia ya siasa. Ndege iliyosajiliwa katika koloni la Kenya ilianza kwa VP-K, ya Uganda kwa VP-U, na ya Tanganyika kwa VR-T. Baada ya uhuru alama hizo ziliondolewa, na mahali pake pakaingia 5Y, 5X na 5H. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilizigawa ndege zake za Super VC10 baina ya mataifa yote matatu, kama 5X-UVA, 5H-MMT na 5Y-ADA zinavyodhihirisha. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, lakini alama hizo tatu za mataifa zimedumu.

Mfumo wa Kijapani

Mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya King's African Rifles, iliteremka katika bonde la Kabaw nchini Burma, ikapigana hadi mto Chindwin. Miongoni mwa askari hao walikuwamo vijana wa Nyanza. Adui waliyemkabili alikuwa na utaratibu wa kuzitaja ndege zake unaomvutia sana mwanaisimu.

Jeshi la wanamaji la Japani lilitumia alama fupi ambayo kila sehemu yake ilikuwa na maana. Tuichukue A6M2. A huonyesha kazi, yaani ndege ya mapigano inayopaa kutoka manowari ya kubebea ndege. 6 huonyesha kwamba ni ya sita katika mfululizo wa kazi hiyo. M ni mtengenezaji, Mitsubishi. 2 ni toleo. Tulinganishe na kitenzi chetu *tulimpikia*. Humo *tu* ni mtenda, *li* ni wakati, *m* ni mtendewa, *pik* ni mzizi, *i* ni kauli ya kutendea, na *a* ni kiishio. Katika mifano yote miwili, anayezijua nafasi hupata taarifa nyingi kwa herufi chache. Asiyezijua huona fumbo tupu.

Ndege hiyohiyo ilikuwa na jina la pili lililotokana na kalenda. Wajapani walihesabu miaka tangu kuasisiwa kwa dola yao kwa mujibu wa mapokeo, na mwaka 1940 ulikuwa wa 2600. Jeshi la wanamaji liliichukua tarakimu ya mwisho, likaiita ndege yake Aina ya 0. Hiki ndicho chanzo cha jina Zero. Jeshi la nchi kavu, kwa mwaka uleule, liliandika Aina ya 100. Majeshi mawili ya taifa moja hayakukubaliana hata namna ya kuutaja mwaka!

Jeshi la nchi kavu lilikuwa pia na nambari zake zilizotanguliwa na Ki, kama vile Ki-43. Nambari hiyo ilifaa ofisini, lakini haikuweza kuusisimua umma. Kwa hiyo Ki-43 ikaitwa Hayabusa, yaani kozi, yule ndege mwindaji.

Jina alilolitoa adui

Marubani wa Marekani na washirika wao hawakuweza kuyatamka majina hayo kwa haraka redioni, na mara nyingi hawakuyajua. Mwaka 1942, maafisa wa upelelezi wa Marekani walioko Australia, wakiongozwa na Kapteni Frank McCoy, walibuni orodha yao. Ndege za mapigano zilipewa majina ya wanaume, na za kudondosha mabomu majina ya wanawake. Zero ikawa Zeke, G4M ikawa Betty, na Hayabusa, iliyotumika pia katika anga ya Burma, ikawa Oscar. Kozi wa Mjapani akageuka kuwa mtu wa kawaida wa mtaani. Jina la mwenyewe lilitukuza, na la adui lilirahisisha na kudunisha.

Jina la umma

Turudi ufuoni. Watu wa Kisumu walioziona Canopus na wenzake hawakuombwa ushauri kuhusu jina lolote kati ya hayo. Hata hivyo walikuwa na lao. Kiswahili kilikuwa na neno *eropleni*, lakini *ndege* likalishinda. Utata ambao ungezuka uliondolewa na upatanisho wa kisarufi. Ndege *anaruka* ni kiumbe mwenye mbawa, ndege *inaruka* ni chombo. Dholuo nacho kililipokea neno letu kwa maana moja tu. Mwenye mbawa za manyoya alibaki *winyo*, na chombo kikawa *ndege*.

Mji wenyewe unatoa ushahidi wa aina hiyo. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, kituo kiliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Jina hilo lilikuwa na nguvu ya serikali, lakini halikudumu. Kisumu ndilo lililosalia vinywani, hata likashinda kwenye ramani.

Hitimisho

Tumeona kwamba fundi huhitaji S.23, msajili huhitaji G-ADHL, kampuni huhitaji Canopus, na rubani aliye hatarini huhitaji Oscar. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo kosa, maana kila moja lina kazi yake. Kosa hutokea pale tunapolitaka jina la ofisini lifanye kazi ya jina la sokoni. Sisi tunaobuni istilahi za Kiswahili tuna wajibu wa kutunga alama zenye mpangilio kwa ajili ya wataalamu. Tuna wajibu pia wa kusikiliza umma unasemaje, kwani huenda umeshakipa kitu jina, na sarufi yetu imeshalipatia nafasi yake.