Sponji: Mnyama Aishiye kwa Kuchuja Maji

Sponji wa baharini ni mnyama, ingawa hana mdomo, moyo wala mishipa ya fahamu. Asichanganywe na dodoki la kujisugulia, ambalo ni tunda la mmea. Sponji ya kuoshea vyombo nayo ni plastiki ya kiwandani. Sponji wa baharini huvuta maji kupitia vitundu vidogo vilivyoenea mwilini, huchuja bakteria na chembe za chakula, kisha huyatoa kwa tundu moja au machache makubwa.

Hayo matundu makubwa ndiyo ya kutafutwa kwanza sponji anapotambuliwa katika tangi la kufugia matumbawe. Rangi hudanganya. Kiumbe chenye matundu mawili kinachojikunja mara kinapoguswa si sponji bali ni mnyama mwingine, tunikata. Visponji vyeupe mfano wa vifuko, vinavyojiotea penye giza nyuma ya pampu, havina madhara. Anayevikwangua anajisumbua bure. Kujua aina kwa uhakika huhitaji hadubini, ili kuona vijiti vidogo vya kiunzi. Sponji wa kuogea hana vijiti hivyo, bali nyuzi laini tu.

Sponji hatolewi nje ya maji. Hewa ikinasa katika mifereji yake, sehemu hiyo hufa na kuoza, kwa hiyo huhamishwa akiwa ndani ya chombo kilichojaa maji ya tangi. Huhitaji mkondo, joto la nyuzi 24 hadi 27 na, kwa aina nyingi, kivuli, kwa kuwa mwani ukimfunika vitundu huziba. Ajabu ni kwamba maji yaliyochujwa mno na mashine humuua kwa njaa. Akipauka na kuanza kunuka, aondolewe upesi kabla hajaharibu tangi zima.

Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, matunzo hayohayo yamekuwa kazi. Joto la bahari limedhoofisha kilimo cha mwani, na shirika la marinecultures.org limewafundisha wanawake kulima sponji. Sponji mzazi hukatwa vipande, vikatungwa kwenye kamba na kuning'inizwa baharini. Wakulima husugua kamba kuondoa uchafu, na wakati wa kuvuna huacha kitako kiote upya. Shamba huwekwa penye maji yasiyokauka hata bahari ikipwa, hivyo baadhi yao walianza kwa kujifunza kuogelea.