Kikombe cha Kuzimua (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye ini. Leo tupande kichwani.

Saa moja asubuhi, pembeni ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, mchimbaji anapewa chai. Mkono unamtetemeka hadi chai inamwagikia kandambili. Wenzake wanacheka: "Mpeni ya kuzimua." Anaonjeshwa gongo, na baada ya muda mfupi mkono umetulia, anashika nyundo. Wote wanaamini amepona. (Kuna pia mtetemo wa zebaki, unaowapata wanaochoma dhahabu bila kujikinga na mvuke wake. Mtu mmoja anaweza kuwa na mitetemo yote miwili, kwa hiyo tabibu asiyeuliza kazi ya mgonjwa atapotea njia.)

Ubongo una breki na una mafuta. Pombe hukanyaga breki. Ndiyo maana ulimi huwa mzito na miguu haina adabu. Ikiingia kila siku kwa miezi, ubongo nao hujipanga: hulegeza breki zake, huongeza mafuta, ili mwenyewe aweze kusimama na kusema akiwa na pombe mwilini. Huyo ndiye tunayemsifu kwamba halewi ovyo. Siku pombe isipokuja, breki zimelegea na mafuta yamejaa. Jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji. Kuzimua ni kuirudishia breki mguu ule ule ulioiharibu.

Tatizo kubwa humkuta aliyeamua kuacha. Duara, yaani shimo la dhahabu, limekauka, amerudi nyumbani Ulowa wakati wa tumbaku, na mbele ya mama yake ameapa kwamba hanywi tena. Kesho yake anatetemeka. Ndani ya siku mbili anaweza kuanguka kwa degedege. Siku ya tatu anaona siafu ukutani ambao hawapo, na usiku anapiga kelele: "Vuteni kamba! Matimba yanaachia!" kana kwamba magogo ya kuegemeza shimo yanamwangukia. Ukoo unasikia majini. Anafungwa kamba kweli, anapelekwa kwa mganga, na huko saa zinakwisha. Hali hii huua.

Ajabu yetu ni kwamba tunaiogopa arosto ya heroini, yaani mateso ya kuikosa, kuliko hii ya pombe. Heroini ina metadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011, na arosto yake humtesa mtu sana lakini kwa nadra humuua mtu mzima mwenye afya. Gongo, iliyopigwa marufuku kwa sheria, tunaifanyia utani. Viroba, pombe kali za pakiti, vilipozuiwa Machi 1, 2017, vilitoka mifukoni. Breki zilizokwisha kulegea hazikukazwa na katazo.

Hospitalini kazi si ya miujiza. Mgonjwa hupewa diazepamu, dozi ikishushwa siku hadi siku, ili ubongo ukaze breki zake polepole. Hupewa pia vitamini B1 kwa sindano, na itangulie dripu ya glukosi: anayeishi kwa gongo bila ugali ameimaliza mwilini, na glukosi ikitangulia inaweza kumwachia ubovu wa kumbukumbu usiofutika.

Kwa hiyo mayu, yaani mama, au mke, anayemsindikiza aseme mapema, bila kuficha kwa aibu: alikuwa akinywa kiasi gani kwa siku, na kikombe cha mwisho kilikuwa saa ngapi. Mgonjwa arudi wapi akitoka wodini, duarani au shambani, nitaandika wiki ijayo.