Jino Lililolika Katika Bunduki ya Mitutu Miwili

Zipo familia zilizorithi bunduki kongwe ya marisau, yenye mitutu miwili, na kuienzi kama kumbukumbu ya mzee wao. Kitako chake hung'arishwa na mitutu ikafutwa mafuta, lakini hatari kubwa ya silaha hiyo huenda ikawa mahali ambapo macho hayafiki: katika mtambo wa kifyatulio.

Mwaka 1875, William Anson na John Deeley wa karakana ya Westley Richards, mjini Birmingham, Uingereza, walisajili mtambo ambao baadaye uliigwa na mafundi wengi duniani. Ndani yake mna nyundo mbili, moja kwa kila mtutu. Mitutu inapokunjwa chini ili kutia risasi, wenzo huzirudisha nyundo nyuma, na kila nyundo hunaswa na jino dogo la chuma. Kidole kikivuta kifyatulio, jino huchomoka katika pengo lake, nyundo ikaachiwa na kupiga.

Usalama wote wa bunduki hiyo umesimama juu ya ukingo mwembamba wa jino hilo. Miaka mingi ya matumizi huulainisha ukingo ukawa mviringo. Hapo bunduki ikianguka, au mtutu wa kwanza ukilia, mtikisiko waweza kuufyatua wa pili bila kuguswa. Wala tusitegemee kizuizi cha usalama. Katika bunduki nyingi za aina hii hufunga kifyatulio tu, hakilishiki jino wala nyundo.

Fundi mwelewa haanzi na tupa. Huhakikisha kwanza kwamba mitutu ni mitupu, kisha huufungua mtambo na kuusafisha, kwani mafuta yaliyoganda, springi iliyolegea, au mti wa kitako uliovimba na kuligusa jino, huweza kulizuia lisiingie sawasawa katika pengo lake. Mara nyingine maradhi yote ni uchafu.

Ikiwa jino limelika kweli, kosa kubwa ni kulipiga tupa ovyo ili lipate makali. Chuma cha sehemu hizi aghalabu kimefanywa kigumu kwenye ngozi yake ya juu tu. Ngozi hiyo ikiondoka, chini yake ni chuma laini kitakachokwisha upesi. Tena, pembe ikikosewa kidogo, jino halitashika. Dawa ni kuchonga jino jipya, au kuliongeza chuma la zamani na kulichonga upya, kisha kulitia ugumu kwa moto. Baadaye fundi hupima uzito wa kuvuta kila kifyatulio, na kuijaribu bunduki tupu kwa kuigonga kitako, aone kama nyundo zitajiachia.

Kazi hii, basi, si ya kujaribiwa sebuleni. Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na ukongwe wa silaha au kurithiwa kwake hakumpi mtu ruhusa ya kuiweka. Aliyeikuta katika mali ya marehemu asiijaribu wala asiifungue, awaarifu polisi. Mwenye cheti naye aipeleke kwa fundi aliyeruhusiwa na sheria. Na mpaka hapo, wazazi wenzetu, silaha ikae tupu, chini ya kufuli, mbali na mikono ya watoto.