Rekodi zilizotoka jalalani

Pale Nyakanazi, mkoani Kagera, barabara ya Kibondo na Kigoma inapoachana na ile ya Rusumo, madereva wa malori hushuka kula, na kinachobaki hutupwa: maganda ya ndizi, mifupa ya mbuzi, majivu, vigunzi. Mwanaakiolojia wa mimea na wanyama hutafuta lundo la namna hiyo, ila lililokaa ardhini miaka elfu mbili. Rekodi nyingi kubwa za Afrika Mashariki zimetoka kwenye taka, na mkoa wa Kagera unayo yake.

Hiyo ni ya moto. Katika miaka ya 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, aliwasikiliza wazee wa Kihaya wakieleza habari za mti wa Kaiija huko Katuruka, mahali panapotajwa katika simulizi za uhunzi. Akachimba, akakuta mabaki ya ufuaji chuma wa kale sana. Wazee waliowahi kuyeyusha chuma walijenga tanuri upya mbele yake na mwenzake Donald Avery, wakavukuta mivuo, na ndani ya tanuri joto likapita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Mwaka 1978 wawili hao waliandika katika jarida la Science kwamba mbinu tata kama hiyo ilitumika Kagera miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine wa madini walibishia maelezo yao ya jinsi hewa ilivyopashwa moto, na ubishi huo haujawahi kuisha vizuri. Ushahidi ninaoupenda mimi ni mnyenyekevu zaidi. Shimo la tanuri lilijazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa, na mavi ya chuma yalipotiririka juu yake yakashika chapa za mabua. Jani lenyewe limeoza zamani. Umbo lake limebaki ndani ya bonge jeusi. Mkaa wa tanuri nao hueleza mengi: hupimwa umri, na ukitazamwa kwa hadubini huonyesha ni miti gani iliyokatwa.

Kwa mazao, rekodi iko Kakapel, pango la magharibi mwa Kenya karibu na Mlima Elgon. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024: kunde yenye umri wa miaka kama 2,300, zao la shambani la kale kuliko yote yaliyopimwa umri moja kwa moja katika ukanda huu. Namna ya kuipata ni rahisi ajabu. Udongo humwagwa kwenye pipa la maji na kukorogwa. Mawe huzama, mbegu zilizoungua huelea na kukingwa kwa chekeche. Ni zile zilizoungua tu zinazodumu, maana mbegu mbichi huoza. Kwa hiyo ushahidi wa mboga yetu ya kila siku tunao kwa sababu ya mtu aliyeacha chungu kikaungua.

Ndizi ni kesi ngumu, nayo inawahusu sana watu wa Kagera. Ndizi ya shambani haina mbegu ya kuchoma. Jani lake, hata hivyo, huacha udongoni vijiwe vidogo mno vya silika vyenye umbo la volkano. Vijiwe hivyo vilipatikana kwenye tope la kinamasi huko Munsa, Uganda, katika tabaka lililokadiriwa kuzidi miaka 5,000. Tarehe hiyo iko mbali mno na ushahidi mwingine wote wa ndizi barani, kwa hiyo wengi hawaikubali. Naipa taji la rekodi inayobishaniwa kuliko zote.

Kwa ufugaji, Luxmanda, mkoani Manyara, ni makazi makubwa kuliko yote yanayojulikana ya wafugaji wa kale wa ukanda huu, na ya kusini kabisa, ya yapata miaka 3,000 iliyopita. Mafuta yaliyonyonywa na vigae vyake yalionyesha kuwa vyungu vilitiwa maziwa. Na kusini mwa Kenya, samadi ya maboma ya wafugaji bado inarutubisha nyasi. Boma la kale kuliko yote yaliyopimwa lina miaka kama 3,700.

Kwa ukale mtupu, Nyayanga ya Kenya inaongoza orodha hii: mifupa ya viboko waliokatwa nyama kwa zana za mawe, miaka milioni 2.6 au zaidi. Kaburi la kale kuliko yote yanayojulikana barani liko Panga ya Saidi, pwani ya Kenya, la miaka 78,000. Lilitambuliwa kwa udongo wa shimo kutofautiana na wa pembeni, na aliyezikwa humo, wa miaka kama mitatu, watafiti walimwita Mtoto.

Nyakanazi haimo kwenye orodha hii, lakini rekodi huvunjwa pale anapochimba mtu. Unayechimba msingi au choo Ngara au Biharamulo ukakuta mavi ya chuma au vigae, usivitupe wala usiviuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Viache vilipo, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji ili iwafikie watu wa Mambo ya Kale.